Barua ya Wazi Kuhusu Vinasa Sauti Misituni: Tengeni Fungu la Kusikiliza Kabla ya Fungu la Kununua

Kwa Katibu Mkuu, Wizara ya Maliasili na Utalii. Kamishna wa Uhifadhi, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Mkurugenzi Mkuu, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI). Na wote wanaoidhinisha bajeti za utafiti katika misitu yetu ya asili.

Ndugu viongozi wetu,

YAH: UFUATILIAJI WA WANYAMAPORI KWA NJIA YA SAUTI

Husikeni na mada tajwa hapo juu.

Siku hizi kinasa sauti cha msituni kinaenea kiganjani. Kinatumia betri tatu ndogo za AA na memori kadi moja, kinafungwa mtini, na kikipangwa vizuri kinaweza kufanya kazi mwezi mzima bila mtu kukigusa. Bei imeshuka, na karibu kila andiko la mradi linaloletwa mezani kwenu lina kifungu cha kununua vifaa hivi. Tunavifunga, tunavifungua na tunasikiliza kilichomo, na tunaamini kazi hii ina faida kubwa kwa nchi. Ndiyo maana tunawaandikia. Ombi letu ni moja: msiidhinishe ununuzi wa kinasa sauti hata kimoja mpaka andiko lionyeshe nani atasikiliza, kwa siku ngapi, kwa malipo gani, na sauti zitatunzwa wapi humu humu nchini.

Tuanze na sababu ya kuihangaikia sauti. Ingieni msitu wowote wa pwani usiku na tochi. Mtaona macho mawili yanang'aa, mruko mmoja, na giza. Huyo ni komba, lakini komba gani? Komba wadogo wa misitu yetu wamefanana mno kwa umbo na rangi, hata mtaalamu aliyewazoea hasubutu kuapa kwa kuona tu. Kinachowatenganisha ni mlio. Komba wa Rondo, mwenye uzito wa gramu 60 hivi, alitambuliwa kisayansi kuwa spishi ya peke yake miaka ya 1990, na mlio wake ulikuwa miongoni mwa vigezo vikubwa: silabi zinakuja mbili mbili, zinabiringika, zinarudiwa. Jirani yake, komba wa Zanzibar, ambaye yupo pia huku bara, analia silabi moja moja. Komba wa Rondo amebaki katika vipande vya msitu vilivyotawanyika: Rondo, Litipo na Chitoa kule Lindi, Pugu-Kazimzumbwi na Pande pembeni mwa Dar es Salaam, na Zaraninge ndani ya Hifadhi ya Taifa Saadani. Ni mnyama aliye hatarini kutoweka. Atakayetaka kujua kama bado yupo katika kipande fulani hana njia iliyo bora kuliko kusikiliza.

Sauti imeshatufundisha mengine. Mwaka 1979 Katherine Homewood na Alan Rodgers walikuwa Udzungwa kwa ajili ya mbega wekundu, wakasikia mlio wa mangabi, nyani ambaye hakuna aliyemtarajia upande huo wa nchi. Ndivyo sayansi ilivyomfikia mangabi wa Sanje. Wenyeji walikuwa wakimjua siku zote. Kipunji naye, aliyetangazwa mwaka 2005 baada ya kuonekana Rungwe na Ndundulu, alikuwa akitajwa na wawindaji wa Kinyakyusa kabla mtafiti yeyote hajampiga picha, na mbweko wake unaofanana na honi ni moja ya alama zake. Na si msituni tu. Mwaka 2015 boti iliyokokota maikrofoni za chini ya maji kando ya pwani yetu ilithibitisha milipuko 318 ya uvuvi wa mabomu, karibu asilimia 62 ikiwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Doria ya macho pekee isingepata ramani ya namna hiyo.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa sababu hapo ndipo miradi mingi inapozama.

Chukueni mradi wa kawaida: vinasa sauti 20, siku 30, kila kimoja kikirekodi dakika moja katika kila dakika kumi, usiku na mchana. Kwa mpangilio wa kilohezi 48 (sampuli 48,000 za sauti kila sekunde) na biti 16 kwa kila sampuli, dakika moja inachukua megabaiti 5.76. Siku moja ina dakika 144 za kurekodi, sawa na megabaiti 830 hivi. Kwa siku 30 kifaa kimoja kinajaza karibu gigabaiti 25, na vifaa 20 vinafika 500. Nakala ya pili ni lazima, kwa hiyo mnahitaji diski za terabaiti moja, na hizo ni za mzunguko mmoja tu. Diski siyo tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba dakika hizo ni 86,400, yaani saa 1,440. Mtu akisikiliza saa sita kwa siku, nazo ni nyingi kwa masikio ya binadamu, atamaliza baada ya siku 240 za kazi. Mwezi mmoja wa kurekodi umezaa karibu mwaka mzima wa kusikiliza. Andiko likiwa na vifaa 20, mizunguko mitatu kwa mwaka na msaidizi mmoja wa muda wa miezi miwili, mjue tayari kwamba sehemu kubwa ya sauti hizo haitasikilizwa na mtu. Itakaa kwenye diski, diski itakaa kabatini, na baada ya miaka michache itagoma kusoma.

Kompyuta inasaidia, na tutaifikia. Kwanza tuseme yanayoharibika kabla sauti haijafika kwenye kompyuta.

Betri za bandia zinauzwa mpaka kwenye maduka yenye sura nzuri. Kifaa kilichopangiwa siku 30 kinakufa siku ya tisa, na mtu wa kulijua hilo yuko umbali wa kutwa nzima ya kutembea. Dawa yake ni rahisi ila inahitaji muda: kutoka kila katoni ya betri, wekeni seti mbili kwenye vifaa viwili, vipeni ratiba ile ile ya msituni, viacheni mezani ofisini mpaka vizime, na hesabuni siku. Ndipo mnunue katoni zilizobaki. Kwa vifaa 20 kila mzunguko unakula betri 60; kwa mizunguko mitatu ni 180, na ongezeni 20 za akiba. Msichanganye betri mpya na iliyokwishatumika ndani ya kifaa kimoja, kwa sababu ile dhaifu inaishusha seti nzima.

Memori kadi feki ni mbaya zaidi, kwa maana hazionyeshi dalili. Kadi imeandikwa gigabaiti 64 wakati uwezo wake wa kweli ni 8. Inapokea mafaili yote bila kulalamika, majina yanaonekana, ukubwa unaonekana, na ukifungua unakuta yale ya mwanzo tu ndiyo yana sauti. Kila kadi ijazwe mpaka pomoni na isomwe tena kwa programu ya H2testw au F3 kabla ya kwenda msituni. Kadi moja inaweza kuchukua zaidi ya saa nzima. Kwa kuwa kila kifaa kinahitaji kadi mbili, moja ikiwa mtini na nyingine njiani, kadi 40 ni kazi ya siku kadhaa. Siku hizo ziandikwe kwenye mpango kazi na zilipiwe, la sivyo hakuna atakayeifanya.

Kuhusu kufunga: chagueni mti mwembamba, unene wa mkono au paja, urefu wa mita moja na nusu hadi mbili kutoka chini. Shina nene linazuia sauti inayotoka nyuma yake, na kifaa kinakuwa kiziwi upande mmoja. Kateni vijiti na majani yanayofikika kwa mkono, kwa sababu jani moja linalogusa kasha wakati wa upepo linaharibu usiku mzima. Wekeni ndani kifuko cha silika jeli kinachonyonya unyevu, na kaeni mbali na kijito, mashine ya kusaga na barabara. Kwa utafiti wa ndege au komba, vituo viachane mita 250 hadi 500 ili mnyama mmoja asiandikwe katika vituo viwili kwa wakati mmoja.

Halafu kuna sisimizi. Tundu la maikrofoni ni dogo kama kichwa cha pini, na wao wanaliona kuwa mlango wa nyumba. Wanajaza udongo taratibu, kifaa kinaendelea kurekodi, betri ziko sawa, kadi iko sawa. Ila sauti inazidi kuwa kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi. Mkiifungua kwenye picha ya sauti, yaani spektrogramu, mtaona masafa ya juu, yaani sauti nyembamba, ndiyo yanayotangulia kufa: wiki ya kwanza milio imefika kilohezi 12, wiki ya tatu juu ya kilohezi 6 ni giza tupu. Asiyejua ataandika kwenye ripoti kwamba ndege wadogo wamehama. Msifunge kifaa kwenye mti wenye njia ya sisimizi, tumieni kasha lenye utando mbele ya maikrofoni, na pakeni grisi kidogo kwenye kamba. Zaidi ya yote, mfungaji azungumze mbele ya kifaa anapokifunga na anapokifungua, akiwa umbali wa hatua tatu: "Kituo namba 7, Zaraninge, tarehe kumi na nne Juni, saa kumi na mbili kasoro robo jioni." Apige makofi matatu. Sauti hizo mbili zikilinganishwa zinaonyesha kama maikrofoni imeziba, na zinaokoa kazi pale lebo inapobanduka.

Tumetaja saa, na hapa tunaomba mtusome polepole. Msituni kwetu kuna aina tatu za saa zinazotembea pamoja. Kifaa, kisipobadilishwa, kinaandika saa ya dunia ya UTC. Simu ya mtafiti inasoma saa za Afrika Mashariki, ambazo ziko mbele kwa saa tatu. Daftari la askari wa uhifadhi linasoma saa za Kiswahili, ambazo siku yake inaanza alfajiri. Faili lenye jina 20250614_023000 limerekodiwa saa nane na nusu usiku kwa asiyejua. Kwa ukweli ni saa 11 na nusu alfajiri, wakati ndege wanaanza. Askari akiandika "saa 2, perere analia" (perere ni pimbi wa mitini), mchakataji aliye mbali anaweza kuiweka asubuhi, mchana au usiku wa manane, na sisi sote tunajua alimaanisha saa mbili usiku. Tarehe nayo inateleza: faili la UTC la saa 21:30 tarehe 14 ni la saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 15. Kosa la saa tatu linatosha kugeuza mnyama wa alfajiri kuwa wa usiku wa manane, na ratiba ya mwaka unaofuata ikipangwa kwa kosa hilo, vifaa vitalala wakati mnyama analia. Agizeni mpangilio mmoja kwa nchi nzima: kifaa kibaki UTC, kila fomu iwe na sehemu ya saa za saa 24 za Afrika Mashariki, na kila usiku uitwe kwa tarehe ya siku unayoamkia. Na ikumbukwe kwamba vifaa vya aina ya AudioMoth vinapoteza saa mara betri zinapotolewa. Anayebadilisha betri mtini bila kuweka saa upya ataletewa mafaili ya mwaka 1970, au kifaa kitakataa kurekodi kabisa.

Jambo jingine la kiufundi linalowahusu nyinyi wenye kupitisha maandiko ni kasi ya kuchukua sampuli. Kinasa sauti kinasikia mpaka nusu ya kasi hiyo. Kilohezi 48 zinatoa masafa hadi 24, zinatosha ndege, komba, perere na vyura. Popo wanaokula wadudu wanapiga juu sana, wengine kupita kilohezi 100, kwa hiyo wanahitaji 250 au 384; kwa 250 dakika moja ni megabaiti 30, na usiku wa saa 12 ni zaidi ya gigabaiti 21 kwa kifaa kimoja. Mngurumo wa tembo nao unaanzia chini ya hezi 20, chini ya uwezo wa masikio yetu, na maikrofoni ndogo nyingi hazifanyi vizuri huko. Popo mkubwa wa Pemba, fahari ya kisiwa kile, haoni kwa mwangwi hata kidogo. Hakuna mtambo wa ultrasauti, yaani wa sauti za juu kuliko tunazosikia, utakaomhesabu, anahesabiwa kwenye miti anapolala. Andiko linaloahidi ndege, popo na tembo kwa kifaa kimoja na mpangilio mmoja lirudishwe kwa mwandishi.

Sasa kompyuta. Programu ya BirdNET, iliyotengenezwa na maabara ya Cornell ya Marekani pamoja na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Chemnitz, Ujerumani, inakata sauti vipande vya sekunde tatu na kukitaja kila kipande kwa jina la spishi na alama kati ya 0 na 1. Inajua spishi zaidi ya 6,000, na inapatikana bure. Tunaitumia, na tunawashauri muitumie. Lakini alama ya 0.8 haina maana ya uhakika wa asilimia 80. Ni alama tu, na maana yake inabadilika kutoka ndege hadi ndege na kutoka msitu hadi msitu. Ndege ambaye akili unde imemsikia mara maelfu, kama wale wa Ulaya na Marekani, anatambuliwa vizuri. Wa milima ya Tao la Mashariki aliyerekodiwa mara chache anakosewa, au hayumo kabisa, na hapo programu inampachika jina la ndege mwingine inayemjua. Nyenje wanajaza kilohezi 4 hadi 8 kuanzia magharibi na kufunika kila kitu. Na yuko kurumbiza, fundi wa kuigiza: anaweza kutoa filimbi za majirani zake mfululizo, na mashine inaandika spishi nne pale penye ndege mmoja.

Njia ya kulinda ukweli inajulikana. Kwa kila spishi mnayotaka kuiripoti, chagueni kwa bahati nasibu vipande 100 hadi 200, vikiwa vimetawanyika kuanzia alama za chini mpaka za juu. Wasikilizaji wawili wavisikilize bila kuonyeshana majibu wala kuona alama. Penye kutofautiana, wa tatu aamue. Hapo mtaona ni kuanzia alama ipi mashine inapatia mara 95 kati ya 100, na huo ndio mpaka wa spishi hiyo katika msitu huo. Kwa spishi adimu kama komba wa Rondo hakuna mkato: kila kipande kisikilizwe na mtu. Ripoti isiyoeleza kazi hii ilivyofanyika isipokelewe, hata kama ramani zake zinapendeza.

Hata sauti ikiwa sahihi, isisemeshwe yasiyo yake. Milio mia haimaanishi wanyama mia. Perere mmoja anaweza kulia tena na tena usiku mmoja, na majirani zake wakamjibu. Kimya nacho si ushahidi wa kutokuwepo. Tuseme spishi inasikika usiku mmoja kati ya kila mitatu au minne katika kituo ilipo, yaani nafasi ya 0.3 kwa usiku. Baada ya usiku mmoja bado kuna nafasi ya asilimia 70 kwamba hamkuisikia ingawa ipo. Baada ya saba inashuka hadi asilimia 8 hivi, baada ya tisa asilimia 4. Kwa hiyo uchunguzi wa usiku mbili unaohitimisha kwamba "hakuna komba" na kufungua njia ya mradi wa ujenzi haujachunguza kitu. Tunalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa vipande vya msitu wa pwani vilivyobaki ni vidogo, na kosa la namna hiyo halirudishwi.

Mkitaka kulinganisha mwaka na mwaka, msibadilishe aina ya kifaa, maikrofoni au kiwango cha ukuzaji sauti katikati. Ikibidi kubadilisha, kipya na cha zamani vifungwe mti mmoja kwa mzunguko mzima, tofauti ijulikane. Tofauti hiyo isipopimwa, ongezeko la milio linaweza kuwa ni ubora wa maikrofoni tu.

Kuna suala la watu. Misitu yetu ina wapita njia, waokota kuni, wanaokwenda kusali, wanaozungumza mambo yao. Kinasa sauti hakichagui. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu pia watafiti. Serikali ya kijiji na kamati ya maliasili waelezwe kabla, kwa Kiswahili, kwenye mkutano. Kila kifaa kiwe na bango dogo linaloeleza kinafanya nini, ni cha nani na nambari ya kupiga. Vipande vyenye mazungumzo vifutwe baada ya kutambuliwa. Kijiji kilichoelezwa ndicho kinacholinda vifaa. Kisichoelezwa kinadhani ni kamera au bomu, na kina haki ya kudhani hivyo.

Kwa sababu hiyo hiyo, msichanganye kimyakimya kazi ya kuhesabu wanyama na kazi ya kukamata watu. Kusikiliza risasi na misumeno ya mnyororo ni kazi halali na inawezekana: katika Hifadhi ya Nouabalé-Ndoki, Kongo-Brazzaville, vinasa sauti 50 vimekuwa vikisikiliza tembo na risasi kwa pamoja tangu mwaka 2017, kwenye eneo la kilomita za mraba 1,250. Lakini itangazwe kuwa ni hivyo. Na mjue kwamba kinasa sauti cha kawaida hakipigi simu. Risasi ya leo mtaisikia siku kadi itakapofika ofisini, pengine baada ya mwezi au zaidi. Inafaa kupanga doria za msimu ujao, kujua ni siku gani na upande gani, na haifai kumkimbiza jangili usiku huo. Mtambo wa kutoa taarifa papo hapo unahitaji mtandao, umeme wa jua na fundi, na bajeti yake ni nyingine kabisa.

Lililobaki ni lile tunaloliona kubwa kuliko yote: nchi haiwezi kuitegemea mashine kama haina mkusanyo wake wa sauti za rejea. Rekodi za ndege wetu ziko kwa wingi kwenye hifadhi za nje, kama xeno-canto na Maktaba ya Macaulay, na ni vizuri ziendelee kupelekwa huko. Nakala ya sauti ghafi, hata hivyo, ibaki hapa, katika taasisi moja ya umma, na kibali cha utafiti kidai hivyo kabla kadi hazijavuka mpaka. Kila sauti ya rejea iwe na jina la aliyeitambua, kama mnyama alionekana au alisikika tu, mahali, tarehe, saa, kifaa, mpangilio wake na hali ya hewa. Mahali pa spishi zinazowindwa pasitangazwe kwa nukta kamili. Ramani ya umma ioneshe eneo la kilomita kumi, nukta ibaki kwa wenye kibali. Faili liwe WAV, au FLAC ambayo inapunguza ukubwa bila kupoteza chochote. MP3 inatupa sauti ambazo masikio ya binadamu hayazihitaji, na hizo mara nyingi ndizo tunazozitafuta. Sauti iliyotumwa kwa WhatsApp ni habari njema ya kupeleka watu mahali, ila haifai kuwa rejea: imebanwa, na taarifa zake za saa na kifaa zimepotea njiani.

Na wasikilizaji wenyewe wapo. Wako Kisarawe, Mang'ula, Amani, Rondo: wazee waliokuwa wawindaji, waongoza watalii, walinzi wa misitu ya vijiji, ambao wanamtenga komba mmoja na mwingine kabla mhitimu hajavaa spika za masikioni. Sasa hivi wengi wanalipwa posho ya mbeba mizigo. Wapeni wiki mbili za mafunzo ya kusoma spektrogramu na kujaza fomu, wapimwe kwa sauti zinazojulikana, na wanaofaulu walipwe kama wataalamu, kwa siku ya kusikiliza, na majina yao yaandikwe kwenye ripoti kama ya mtafiti mwingine yeyote. Vyuo vya Sokoine na Mweka vinaweza kubeba mafunzo hayo. Kwa maoni yetu angalau nusu ya fedha za mradi wa sauti iende kwenye kusikiliza, kuhakiki na kutunza. Andiko lenye mgawanyo wa robo tatu kwa vifaa halijaelewa kazi yenyewe.

Tunapendekeza muanze padogo. Pugu-Kazimzumbwi, Zaraninge na Rondo, vinasa sauti kumi kila msitu, kuanzia Juni hadi Oktoba mvua zikiwa zimepungua, kila kituo kikae walau usiku 14. Kirekodi mfululizo kwa muda wa saa tatu kuanzia nusu saa kabla ya jua kuzama, na tena kwa muda wa saa mbili kabla ya mapambazuko, nyakati komba na perere wanapolia zaidi. Wasikilizaji sita, wawili kila msitu, mkataba wa miezi mitano. Mwishoni mtakuwa na sauti za rejea zilizohakikiwa, fomu iliyojaribiwa, na watu waliofuzu kuwafundisha wa Usambara, Uluguru na Udzungwa.

Mwaka wa fedha unaanza Julai, na maandiko yanafungwa mapema kuliko hapo. Tuko tayari kukaa na maofisa manunuzi na wataalamu wenu kupitia kifungu kwa kifungu, na kuja na kadi feki, betri zilizokufa na maikrofoni zilizozibwa na sisimizi, wazione kwa macho na wazisikie.

Wenu katika kazi,

Wafungaji na wasikilizaji wa vinasa sauti, misitu ya pwani na Tao la Mashariki